Mkono Unaokuamsha Usiku: Hotuba kwa Mafundi Cherehani na Wasusi

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa ushirika, mafundi cherehani, wasusi, mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wote mliofunga vibanda vyenu asubuhi hii ili tukutane hapa: asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yenu iliniomba nizungumzie ganzi ya mikono kwa watu wanaoishi kwa kazi ya vidole, matibabu yake na namna ya kuendelea na kazi mtu akiwa nayo. Ombi hilo nimelipokea kwa uzito, kwa sababu katika chumba chetu cha fiziotherapia mafundi na wasusi ni miongoni mwa wagonjwa wanaotufikia wakiwa wamechelewa mno, na kuchelewa huko ndiko ninakotaka kushughulika nako leo. Ugonjwa wenyewe, ambao madaktari huuita sindromu ya handaki la kapali, unatibika. Ukiwahiwa, unatulizwa kwa vitu vya bei ndogo. Ukikomaa, unaondolewa kwa upasuaji mfupi. Lakini una hatua moja ambayo mgonjwa akishaivuka, hakuna daktari wa hapa wala wa ng'ambo atakayeahidi kumrudishia mkono wake kama ulivyokuwa.

Dalili zake wengi wenu mnazijua hata kabla sijazitaja. Mtu amelala vizuri, na ikifika saa nane za usiku anashtuka kwa sababu gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete vimekufa ganzi, vinachomachoma na kuwaka moto. Anaketi kitandani, anaukung'uta mkono, anauning'iniza, na baada ya dakika chache unatulia, naye analala tena akidhani ameulalia tu. Mchana ganzi humrudia akishika simu sikioni kwa muda, akishika usukani wa pikipiki, au akikata kitambaa kizito kwa mkasi. Miezi ikipita, haiondoki tena kabisa. Anaanza kuangusha vikombe, vifungo vya shati vinamshinda, na fundi aliyekuwa akitia uzi kwenye sindano bila kutazama anaanza kumwita mwanafunzi wake amsaidie. Kidole cha mwisho, kile kidogo, kwa kawaida hakimo katika ganzi hii, na naomba mlikumbuke jambo hilo kwa sababu nitalirudia.

Chanzo chake kiko kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja. Pale pana mifupa midogo 8 iliyojipanga ikafanya mfereji, na juu ya mfereji huo umetandazwa mkanda mgumu wa nyuzi ambao hauvutiki. Katika njia hiyo nyembamba, ambayo ndiyo handaki la kapali, hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, yaani neva ya kati, ambayo hukusanya hisia za vile vidole nilivyovitaja na kuiamrisha misuli ya shina la gumba. Kano ni ngumu na hustahimili kubanwa. Neva ni laini, tena huishi kwa damu inayopita kwenye vishipa vyembamba sana, kiasi kwamba nafasi ikipungua kidogo damu hiyo ndiyo ya kwanza kukwama. Ikibanwa kwa muda mfupi hurudia hali yake; ikibanwa kwa miezi, ganda linalozizunguka nyuzi zake huharibika na ujumbe hupita kwa kusuasua; ikibanwa kwa miaka, nyuzi zenyewe hufa, na misuli iliyokuwa ikizitegemea hunywea.

Mwaka 1981 madaktari wa Marekani wakiongozwa na Richard Gelberman walichapisha vipimo vya mgandamizo ndani ya njia hiyo. Kwa watu wazima wenye afya, kifundo kikiwa kimenyooka, walikuta wastani wa milimita 2.5 za zebaki. Kwa wagonjwa walikuta 32. Na wagonjwa walipokunja kifundo mpaka mwisho, mgandamizo ulipanda hadi 94. Mimi huzitaja takwimu hizi kila ninapopata nafasi, kwa sababu zinaeleza mambo mawili kwa mpigo: kwa nini ugonjwa huu hutesa zaidi usiku, wakati wengi wetu tunalala tumekunja mikono chini ya shavu au chini ya mto bila kujitambua, na kwa nini kifaa kidogo cha kukinyoosha kifundo kinaweza kuleta nafuu ambayo vidonge havileti.

Sasa naomba tufanye jambo pamoja. Kila mmoja anyooshe mikono yake miwili mbele, viganja vitazame juu, na aangalie shina la gumba, ile nyama iliyotuna kati ya gumba na kifundo. Linganisheni kulia na kushoto. Inatakiwa iwe imejaa. Yeyote anayeona upande mmoja umekuwa bapa, au pameingia bonde mahali palipokuwa na nyama, huyo asirudi nyumbani leo kabla hatujaonana. Haya, inueni gumba lielekee dari, na jirani yako alisukume taratibu lirudi kiganjani huku wewe ukilizuia. Gumba lenye neva nzima linakataa. Gumba lililopoteza misuli linakubali upesi, na mara nyingi mwenyewe anashangaa kwa sababu alikuwa hajajua. Kipimo cha mwisho, kunjeni vifundo vyote viwili, migongo ya viganja igusane na vidole vitazame chini, mkae hivyo kwa dakika moja. Kipimo hiki kinajulikana kwa jina la George Phalen, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyeufanyia kazi sana ugonjwa huu kuanzia miaka ya 1950. Anayesikia ganzi kwenye vidole vile kabla dakika haijaisha ana sababu ya kwenda kuchunguzwa, lakini asiyesikia kitu asijihesabu kuwa amepona, kwa kuwa kipimo hiki hukosea pande zote mbili. Maelezo yako ya jinsi unavyoamka usiku yana uzito kuliko ujanja wowote wa mikono. Katika hospitali kubwa kuna kipimo cha mwendo wa umeme ndani ya neva, na baadhi ya madaktari hutumia altrasaundi. Ni vipimo vya manufaa, hasa kabla ya upasuaji au pale mashaka yanapokuwepo, lakini mgonjwa mwenye dalili za wazi hahitaji kuvisubiri ndipo aanze matibabu.

Si kila ganzi ni ya kifundo. Utafiti uliofanyika kusini mwa Sweden na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, takribani 14 walilalamikia ganzi, maumivu au kuchomachoma kwenye vidole vinavyohudumiwa na neva ya kati, lakini ambao walithibitika kwa uchunguzi wa daktari na kwa kipimo cha umeme hawakufika hata 3. Hapa ndipo kidole kidogo kinapoingia. Ganzi ikikaa kwenye kidole kidogo, neva inayobanwa huenda ni nyingine, mara nyingi kwenye kiwiko. Ikiwa inashuka kutoka shingoni pamoja na maumivu ya bega, shingo ichunguzwe. Ikiwa imeanzia miguuni, kisukari kipimwe, na wanaotumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi wamweleze daktari, kwa maana baadhi ya dawa hizo, hasa za zamani, hugusa neva. Ikiwa kuna baka kwenye ngozi lisilosikia maumivu, naomba neno ukoma lisimtie mtu aibu: ukoma bado upo katika nchi yetu, hushambulia neva za mikono, na dawa zake hutolewa bure. Na ganzi inayokuja ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa ileile, kwani inaweza kuwa kiharusi.

Kuhusu nani hupatwa, wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Kisukari, uzito mkubwa, upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, baridi yabisi na mfupa wa kifundo uliowahi kuvunjika, vyote huchangia, na ndiyo sababu mgonjwa wa mkono anaweza kuambiwa akapime damu bila kuelewa ni kwa nini. Wajawazito huipata hasa miezi ya mwisho, mwili unapohifadhi maji, na kwa wengi wao hutulia baada ya kujifungua. Mama huyo anahitaji splinti, yaani kile kifaa cha kukinyoosha kifundo, na kutulizwa moyo, upasuaji ni mara chache. Kazi nayo imo. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, limeutaja ugonjwa huu kwa wanaofanya kwa muda mrefu kazi ya nguvu inayojirudia, kazi ya mitetemo, au kazi inayokilazimisha kifundo kukaa kimepinda. Mnasikia wenyewe: mkasi mzito kwenye suruali za jinzi, vidole vya msusi vinavyobana nywele kutwa nzima huku kifundo kimejikunja, na nyumbani bado kuna nazi ya kukunwa na unga wa chapati wa kukandwa. Kompyuta, ambayo vijana huilaumu kwanza, ushahidi dhidi yake ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa.

Ndugu zangu, niseme kwa uwazi juu ya dawa za dukani. Mgonjwa anapokuja kwetu na kufungua mkoba wake, hutoa karatasi za diklofenaki zilizokwisha, chupa ya dawa ya kuchua na vitamini za kila rangi. Vidonge hivi vya kutuliza maumivu havijaonyesha kuwa vinausaidia ugonjwa huu kuliko vidonge visivyo na dawa, na akivimeza mfululizo anajitafutia vidonda vya tumbo na madhara ya figo. Vitamini B6 ni muhimu kwa anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, kama alivyoandikiwa. Lakini kuimeza kwa wingi kwa ajili ya kifundo hakuna faida iliyothibitika, na kipimo kikubwa kwa muda mrefu chenyewe huharibu neva. Kuchanjwa chale kwenye kifundo nakupinga kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa neva ya kati mahali pale haiko mbali na ngozi. Hasara kubwa kuliko fedha, hata hivyo, ni muda. Kila mwezi unaopita mtu akijichua, neva bado imebanwa.

Tiba ya kwanza kwa mgonjwa ambaye ganzi yake inakuja na kuondoka, na ambaye gumba lake bado lina nguvu, ni splinti ya usiku. Hiki ni kifaa cha kitambaa chenye bamba ndani yake, au kilichofinyangwa kwa plasta hospitalini, ambacho hukishikilia kifundo kikiwa kimenyooka. Nisisitize neno kimenyooka, kwa sababu splinti nyingi za madukani zina bamba la chuma lililopindwa kukielekeza kiganja nyuma, na ukiivaa hivyo unaweza kuongeza mgandamizo unaotaka kuupunguza. Bamba hilo huchomolewa, likanyooshwa, likarudishwa. Splinti isipite mstari ule wa kiganja ambapo vidole huanzia kukunjika, ili vidole vibaki huru. Isikazwe hadi mkono uvimbe. Na ivaliwe kila usiku kwa wiki 6 angalau, hata siku mgonjwa anapojiona mzima. Wengi huiacha wiki ya pili. Mtu aliyeivaa siku nne akaitupa kabatini hajaijaribu, na sitamkubalia akiniambia imeshindwa. Mafundi mliopo hapa mnaweza hata kujishonea ganda lake la kitambaa mkaleta kwetu tuwapatie bamba na kulipima, maana mkono wa kila mtu una umbo lake. Mazoezi ya kuisogeza neva na kano tunayafundisha pia, nayo hayana gharama, ila ushahidi wake ni mdogo, kwa hiyo yaandamane na splinti bila kuchukua nafasi yake.

Hatua inayofuata ni sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, inayochomwa kifundoni na daktari aliyejifunza kazi hiyo. Nchini Uingereza wagonjwa 234 walilinganishwa, wengine wakapewa sindano moja na wengine splinti ya usiku kwa wiki 6, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: baada ya wiki 6 waliochomwa sindano walikuwa na nafuu zaidi, lakini ilipofika miezi 6 hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Kwa hiyo sindano inamfaa asiyelala kabisa, au mwenye harusi za watu za kushona na hawezi kusubiri, akijua kwamba nafuu hiyo inaweza kuisha. Mwenye kisukari atarajie sukari kupanda kwa siku kadhaa. Wakati wa kuchomwa, ukisikia shoti ya umeme ikikimbilia vidoleni, mwambie daktari hapohapo aisogeze sindano. Usivumilie kwa heshima.

Upasuaji ndio mnaouogopa, na najua ni kwa nini. Fundi hufikiria kisu kiganjani na kuona mwisho wa kazi yake. Lakini tazameni historia. Mwaka 1913 jijini Paris, Pierre Marie na Charles Foix waliuchunguza mwili wa mzee wa miaka 80 aliyefariki akiwa amenyauka misuli ya gumba kwenye mikono yote miwili. Walikuta neva imevimba juu ya ule mkanda na imekuwa nyembamba chini yake, wakaandika kwamba mkanda ungekatwa mapema huenda hali ile ingezuilika. Upasuaji tunaoufanya leo ndio huohuo waliouwazia. Mgonjwa huchomwa dawa ya ganzi kiganjani akiwa macho, ngozi hupasuliwa sentimita chache, mkanda hukatwa chini ya macho ya daktari, ngozi hushonwa, na kazi yote mara nyingi haifiki nusu saa. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mkanda uliokatwa hujiunga tena kwa kovu ukiwa umeacha nafasi kubwa zaidi chini yake, na kufungua na kufunga ngumi hakupotei.

Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 176 waliogawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapasuliwa, nusu wakavaa splinti. Baada ya miezi 18 waliofanikiwa walikuwa asilimia 90 kwa upasuaji na asilimia 75 kwa splinti, lakini katika kundi la splinti asilimia 41 walikuwa wameshapasuliwa kufikia wakati huo. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: splinti inastahili kujaribiwa kwanza, kwa kuwa zaidi ya nusu ya walioanza nayo hawakufika kwenye kisu, na isipofaa, upasuaji si jambo la kuahirisha mwaka hadi mwaka. Aliyekwisha kupoteza nyama ya gumba, au mwenye ganzi isiyoondoka usiku na mchana, asianzishiwe ngazi hiyo ya tiba kutoka chini. Huyo apelekwe kwa daktari wa upasuaji moja kwa moja.

Baada ya upasuaji, vidole vianze kukunjwa na kunyooshwa siku ileile, mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo kwa siku chache, na kidonda kikae kikavu mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi ya 14. Kule kuamshwa usiku huisha haraka, wakati mwingine usiku wa kwanza. Ganzi ya muda mrefu huchukua miezi, kwa kuwa neva hukua takribani milimita moja kwa siku, na kwa waliochelewa hubaki sehemu yake. Pembeni mwa kovu pataendelea kuuma ukiegemea kiganja, pengine kwa miezi miwili au mitatu. Hali hiyo ni ya kawaida na huisha. Kazi nyepesi inaweza kuanza baada ya wiki mbili au tatu, na mkasi mzito usubiri wiki 6 au zaidi, kwa ushauri wa aliyekupasua. Kidonda kikiwa chekundu, kikatoa usaha, au vidole vikazidi kufa ganzi badala ya kupungua, rudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

Kazini, jambo la kulinda ni kifundo kilichonyooka na nguvu ndogo ya kubana. Mkasi unolewe, kwani mkasi butu huumiza mkono zaidi kuliko wingi wa nguo. Meza ya kukatia iinuliwe ifikie kiunoni. Msusi ampandishe au amshushe mteja kwa kiti badala ya kupinda mikono yake, na abadilishe mtindo wa kazi ndani ya siku ili nywele nyembamba zisifuatane saa nane mfululizo. Mnaofanya kazi viwandani kwa mshahara, hapa Tanzania Bara upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao waajiri huuchangia kwa ajili ya ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Mwelezeni daktari kwa undani kazi yenu, mkono mnaoutumia na tangu lini, ayaandike kwenye faili, na mwajiri ajulishwe kwa maandishi.

Mwenzenu aliyejiajiri hana mfuko huo, na hapa nina ombi kwa uongozi wa ushirika. Sababu ninayoisikia mara nyingi kwa anayeukimbia upasuaji ni wiki 6 za kibanda kilichofungwa, kodi ikidaiwa na ada za watoto zikisubiri, zaidi ya gharama ya hospitali yenyewe. Ushirika unaokopesha kwa ajili ya cherehani mpya unaweza pia kukopesha kwa ajili ya wiki hizo, mkopo uanze kurejeshwa mkono ukishapona, na wenzake wakamshonea oda zake kwa makubaliano. Mwenyekiti ameniruhusu nibaki hapa mpaka saa nane mchana. Watakaotangulia mezani ni wale ambao gumba lao limekubali kusukumwa, kisha wajawazito, kisha wengine. Na kila mmoja aje na dawa zote anazotumia, zikiwemo alizonunua bila cheti.